Safari ya Hifadhi ya Yellowstone: naomba uthibitisho kabla ya Ijumaa

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu.

Tunaondoka Minneapolis Jumamosi ya wiki ijayo, saa 11 alfajiri, nyumbani kwa Mama Mkubwa. Tutafuata barabara kuu ya I-90 kupitia South Dakota hadi Wyoming, na usiku wa kwanza tutalala Badlands, hukohuko South Dakota. Kule saa inarudi nyuma kwa saa moja.

1. Mchango wa kempa (gari lenye vitanda vya kulala), mafuta na viwanja vya kambi: dola 250 kwa mtu mzima. Mwisho Ijumaa hii.
2. Baba Mdogo na Shangazi watapokezana usukani. Wyoming vituo vya mafuta viko mbalimbali, hivyo tangi likifika nusu tunajaza.
3. Pakueni ramani mapema, mtandao hifadhini ni wa shida. Sweta lazima, usiku kuna baridi hata Julai.

Wazazi, hili naliomba kwa moyo wote: nyati wa kule huonekana wapole, ila hushambulia watu. Sheria ni kukaa mita 23 mbali nao, na mita 91 kwa dubu na mbwa mwitu. Mtoto asishuke garini peke yake.

Andikeni "Tupo" na idadi yenu. Bibi ameshathibitisha, na kiti cha mbele ni chake.