Mlangoni kwa George Mason

Woodbridge, Virginia
Jumapili usiku

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wa huku hatujambo, baridi imeanza kung'ata lakini tumeshaizoea. Hela ya bati nilituma Ijumaa kwa jina la Mama. Mwambie fundi asianze kupaua mpaka uzihesabu bati mwenyewe. Ningekupigia, ila nililo nalo ni refu, na simu zetu unazijua, nusu saa nzima ni "unanisikia? unanisikia?"

Mjukuu wako alipewa kazi ya shule, aandike habari za mtu mashuhuri wa jimbo hili. Wenzake wakagombania George Washington na Thomas Jefferson, yeye akaangukia George Mason. Nikamuuliza, huyo naye nani? Akanitazama kwa ile dharau ya watoto wa huku: "Mama, si jina la chuo unachokipita kila siku?" Kweli bwana. Miaka sita napita chuo kikuu hicho nikienda kubeba maboksi, sijawahi kujiuliza ni jina la nani.

Basi Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, tukaenda kuiona nyumba yake. Si mbali na kwetu, iko kwenye rasi ya mto Potomac, inaitwa Gunston Hall. Nyumba ya matofali, kwa nje wala si jumba la kutisha. Ukiingia ndani ndipo unaduwaa: mbao zimetiwa nakshi kila pembe, nikakumbuka milango ya Unguja. Aliyezibuni, William Buckland, aliletwa kutoka Uingereza mwaka 1755 kwa mkataba wa kutumikia miaka kadhaa. Mkataba ulipokwisha, Mason alimwandikia sifa nyuma ya karatasi ileile, jamaa akashika njia yake na akaja kuwa fundi wa kutajwa. Mshike huyo Baba, maana kuna mafundi wengine.

Mason alikuwa na ekari kama 5,500, tumbaku na ngano, na watu zaidi ya 100 aliowamiliki. Mwanawe John alipozeeka aliandika kumbukumbu za utotoni, na humo anawataja watumwa wa baba yake kwa kazi zao: maseremala, waunda mapipa, wahunzi, watengeneza ngozi, washona viatu, wafumaji, hata mtu wa kuchemsha pombe kali. Hakuna aliyeandikiwa sifa nyuma ya karatasi. Na usidhani bwana alikuwa mbali asiwajue. John anasema baba yake hakuweka karani wala msimamizi pale nyumbani, vitabu vya hesabu alivishika mwenyewe.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni miti. Mbele ya nyumba Mason alipanda safu nne ndefu za miti ya cheri, akazipima kwa ufundi hivi kwamba ukisimama katikati kabisa ya mlango unaona miti minne tu, ile ya mbele, kila mmoja umeficha safu nzima nyuma yake. Ulikuwa mzaha wake kwa wageni. Anakusimamisha mlangoni, anakuuliza unaona miti mingapi. Unajibu minne. Anakwambia sogea kidogo pembeni, na msitu mzima unakufungukia. Miti ile ya zamani haipo tena, lakini mjukuu wako alisimama hapohapo kizingitini, akafumba jicho moja, akawa anahesabu hewa.

Mimi nikageuka upande wa magharibi. Huko, anasema John, palikuwa na kijiji kiitwacho Log Town, vibanda vya magogo ya msonobari, ndani ya msitu kwa kadiri ya kutosha tu visionekane kutoka nyumbani. Ndipo alipokaa James, mtwana wa kumhudumia Mason mwilini, na mkewe na wanawe, na jamaa za wale maseremala. Walikuwa karibu, Baba. Ukiita wanasikia. Hawaonekani tu.

Sasa wewe uliyefundisha historia miaka thelathini na nne unajua kinachofuata. Huyuhuyu ndiye aliyeandika rasimu ya Tamko la Haki la Virginia, lililopitishwa tarehe 12 Juni 1776, wiki tatu kabla ya Tangazo la Uhuru wa Marekani lenyewe: kwamba watu wote kwa asili wako huru kwa usawa na wanajitegemea. Wajumbe wenzake wakashtuka. Je, watumwa wakilisikia hili? Wakachomeka maneno machache, kwamba haki hizo ni za mtu aingiapo katika hali ya jamii. Mtumwa hawakumhesabu kuwa ndani ya jamii, basi pakatulia. Nilimsomea mjukuu wako mara mbili. Akasema, "Kama miti." Nikamwambia aandike hivyo hivyo, asibadilishe.

Mwaka 1787 wakakutana Philadelphia kutunga katiba ya Marekani. Mason ana miaka 61, mtu wa jongo, amezoea kusingizia miguu ili asitoke kwake. Tarehe 22 Agosti akasimama akashambulia biashara ya watumwa kwa ukali ambao hata leo ungepigiwa makofi: kwamba kila mwenye watumwa huzaliwa dhalimu mdogo, na kwamba watumwa huiletea nchi hukumu ya mbinguni. Alikuwa akijieleza mwenyewe na hakuficha. Oliver Ellsworth wa Connecticut akamjibu, nami nilicheka peke yangu kwenye gari. Akasema yeye hajapata kumiliki mtumwa, kwa hiyo hawezi kujua utumwa unaharibuje tabia ya mtu. Kisha akaongeza lenye uzito: kama ni suala la uadilifu, twende mbali zaidi, tuwaachie huru hao walioko nchini tayari. Tena, akasema, Virginia watumwa wanazaana kwa wingi, kuwakuza ni rahisi kuliko kuwanunua ng'ambo. Yaani mwenzetu, kufunga mlango wa nje hakukugharimu.

Katiba ikatoka na kifungu cha kuilinda biashara ile hadi mwaka 1808, na haikuwa na orodha ya haki za raia. Mason alisema ni heri aukate mkono wake wa kulia kuliko kutia saini, na kweli hakutia. Hapo ungemsifu. Lakini mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa Virginia wa kuikubali au kuikataa katiba, alinung'unika mambo mawili kwa pumzi moja: biashara hii ya laana imeruhusiwa, na pia mali yetu ya aina hiyo tuliyo nayo tayari haijalindwa.

Wosia wake aliuandika Machi 1773, siku chache baada ya kufiwa na mkewe Ann. Anawausia wanawe wapende maisha ya faragha kuliko siasa, lakini wakiitwa wasiogope umaskini, aibu wala mauti katika kuutetea uhuru wa nchi yao, wawarithishe watoto wao haki takatifu walizozaliwa nazo. Na katika wosia huohuo anawagawia watu, kwa majina. Alikufa Oktoba 1792 bila kuwaacha huru, akazikwa palepale kando ya Ann.

Kule chuoni siku hizi wameweka kumbukumbu ya watu aliowamiliki. Tulipita jioni. Wanaotajwa ni James, na Penny, mtoto wa kike wa miaka 10 ambaye Mason alimtoa kwa binti yake awe mali yake. Mjukuu wako naye ana miaka 10. Hakusema neno mpaka tumefika nyumbani.

Baba, usikasirike kwa hili. Ulitufundisha Abushiri ni shujaa, na ulitupeleka darasa zima kutuonyesha mji alionyongewa na Wajerumani, Desemba 1889, hapohapo Pangani. Nami bado namwita shujaa. Ila alikuwa na shamba la miwa, na miwa ile haikukatwa na yeye. Hilo hukutuambia. Pengine nawe hukuambiwa.

Na shamba letu la Bweni. Marehemu Bibi akitutuma nyuma ya minazi alikuwa akisema "nendeni kule kwa wazalia". Mimi nikidhani ni jina la mahali. Juzi ndipo lilinishukia, nikiwa nasubiri kahawa ichemke, kwamba wazalia ni watu waliozaliwa utumwani. Utumwa Tanganyika ulifutwa 1922, basi mtu aliyezaliwa enzi zile huenda niliwahi kuonana naye. Unamkumbuka yule mzee aliyekuwa akituletea madafu kila Idi? Akiingia kwa uani, anakaa chini kwenye mkeka karibu na jiko, Bibi anampa kanzu na sahani yake. Sikumbuki hata mara moja akipita mlango wa mbele. Sisi watoto tukimwita Mzee wa Madafu.

Jina lake nani, Baba? Na wa kwao walihamia wapi shamba lilipouzwa? Mama akikumbuka zaidi, muulize yeye. Usihangaike kuandika, macho yenyewe hayo. Mpe kijana simu akurekodi kwa sauti, unitumie kabla ya Ijumaa.

Dawa za presha zimeisha? Niambie nitume mapema.

Binti yako