Tuzimieni taa Jumamosi

Mhariri,

Tuko watu kama kumi na wawili tunaokutana kwenye kiwanja cha mpira huku Pasua, Moshi, kutazama nyota. Mtaalamu hakuna. Yupo fundi cherehani, mwalimu wa hesabu, na kijana anayepandisha wageni mlimani. Huyo ndiye mwenye darubini ya macho mawili. Kadarubini hako, ukikatuliza vizuri, kanakuonyesha miezi minne ya sayari ya Mshtarii, ile aliyoiona mwanafalaki Galileo mwaka 1610.

Juzi fundi alikuja na mama yake. Tukamwonyesha Zohali, sayari yenye pete, kwa darubini kubwa ya kuazima. Bibi akachungulia, akafuta kioo kwa ncha ya khanga, akachungulia tena. "Mmebandika picha humu," akasema. Baadaye yeye ndiye aliyetufundisha Kilimia, lile kundi la nyota, na misimu ya kupanda, nasi tukabaki kimya kama wanafunzi.

Tuna bahati. Tupo nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, hivyo usiku mmoja wa Mei unaona makundi ya nyota ya Msalaba wa Kusini na Dubu Mkubwa pia. Mawingu ya Kibo tunamwachia Mungu. Kinachotuudhi ni taa za baa moja ya jirani, zinazomulika kiwanja kizima. Jicho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza. Taa ikiwaka, tunaanza upya.

Ombi letu ni Jumamosi tu, saa mbili hadi saa tatu usiku. Na wenye baa wakaribie, kiingilio hakuna. Waje na sweta.

Mtazama nyota,
Pasua, Moshi