Wito wa Harambee: Tupaue Nyumba ya Mafungo Bukumbi

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu waamini na wote wenye mapenzi mema, nyumba yetu ya mafungo, yaani ya kujitenga kwa siku chache kusali kimya, imefika kwenye lenta, na fedha zimeishia hapo. Tunataka kuipaua kabla ya masika.

Wapo waliouliza: kwa nini tujenge nyumba ya kukaa kimya wakati vigango vingine (makanisa madogo ya parokia) havina hata mabenchi? Swali ni halali. Ila mliokuwepo kwenye mafungo yaliyopita mnakumbuka ule ukumbi wa mjini: sisi kwenye tafakari ya toba, ukuta wa pili harusi, muziki mpaka usiku wa manane. Mwanza yetu ni bodaboda, baa na spika (na tuseme kweli, spika nyingine ni za kwetu). Katika Marko 6, watu walikuwa wengi hata mitume wakakosa nafasi ya kula, na Yesu akawaita kando wapumzike. Wakapanda chombo wakaenda. Mtu wa ziwani anaielewa safari hiyo.

Bukumbi, kando ya ziwa hapa mkoani Mwanza, ni mahali pa sala tangu zamani. Wamisionari wa Afrika (White Fathers) walianzisha misheni huko mwaka 1883. Tena tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wenzetu wa Sengerema hawasubiri tena kivuko.

Vyumba ni 12, kila kimoja kitanda, meza na dirisha. Televisheni hakuna, wala hatutaweka. Zinahitajika mbao za kenchi, mabati na misumari, kisha magodoro na vyandarua. Kinachotuumiza kichwa zaidi ni maji. Ziwa liko pale pale, lakini kichocho kipo, na hatuwezi kumleta mgeni kusali kisha tumwambie aoge ziwani. Lazima tuchimbe kisima, tufunge pampu ya sola na tanki.

WAWATA (akina mama Wakatoliki) wamebeba jukumu la vyombo vya jikoni, VIWAWA (vijana Wakatoliki) wanasomba mchanga. Wewe toa bati moja, mfuko wa saruji, au mbuzi tumnadishe. Walutheri, Waanglikana na wengine, karibuni mchangie. Nyumba itawapokea nanyi.

Ahadi ziandikwe kwa viongozi wa jumuiya. Fedha zipelekwe kwa mhasibu wa parokia, na usiondoke bila risiti. Anayetaka kuona jengo kabla ya kutoa, basi litaondoka parokiani Jumapili baada ya misa ya kwanza. Nauli ni juu yako, chai ipo.

Kamati ya Ujenzi