Fremu ya inchi 19 haimwambii mnunuzi kitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niijibu makala yenu ya Jumamosi kuhusu kununua baiskeli za milimani zilizotumika. Mwandishi wenu amemshauri mnunuzi aipanuie miguu fremu, ahakikishe vidole vinne vinapita kati ya msamba wake na bomba la juu, kisha asome stika: inchi 17 kwa mtu mfupi, 19 kwa mrefu, 21 kwa aliyezidi urefu. Ushauri huo ulikuwa na maana kwa baiskeli za miaka ya 1990. Kwa hizi zinazoshuka sasa kwenye makontena, unamwacha mnunuzi gizani, na anayepokea malalamiko yake ni mimi fundi, hapa kibandani kwangu Pasua, Moshi.

Hizo inchi ni urefu wa bomba la kiti, kuanzia katikati ya ekseli ya pedeli (ile inayopita ndani ya fremu, inayobeba mikono ya pedeli zote mbili) kwenda juu. Hata huo urefu hawaupimi kwa namna moja: wengine wanafika mwisho wa bomba, wengine wanaishia pale bomba la juu linapoungana nalo. Kwa hiyo fremu ileile inaweza kubeba namba mbili. Lakini kubwa zaidi ni kwamba watengenezaji wamelifupisha bomba la kiti kwa makusudi, ili ndani yake kiingie kile kijiti cha kiti kinachoshuka kwa kubonyeza kitufe, mwendeshaji ashushe kiti mteremkoni na kukipandisha kwenye mwinuko. Bomba likishafupishwa hivyo, urefu wake unakuambia kiti kitashuka hadi wapi. Hauelezi baiskeli ina urefu gani kutoka pedeli hadi usukani, na huko ndiko mgongo, mabega na viganja vinakoumia.

Vipimo vinavyoeleza jambo hilo ni viwili, na mafundi wanaofuatilia wanaviita richi na staki. Chukua katikati ya ekseli ya pedeli, na katikati ya mdomo wa juu wa bomba la kichwa, lile bomba fupi la mbele ya fremu, pale inapokaa shingo ya usukani, yaani kipande kinachoushika usukani. Umbali wa kulala kati ya nukta hizo mbili ni richi. Umbali wa kusimama ni staki. Kampuni ya Cervélo ya Kanada ndiyo iliyovipa umaarufu kwenye baiskeli za mashindano ya barabarani, na leo karibu kila mtengenezaji wa baiskeli za milimani anavichapisha. Uzuri wake ni kwamba havitegemei kiti kimewekwa wapi. Unaposimama juu ya pedeli kwenye mawe na mizizi, kiti hakina kazi. Unabaki na miguu na mikono tu.

Kuvipima hakuhitaji mashine. Jaza upepo matairi yote mawili. Simamisha baiskeli wima, tairi la nyuma liguse ukuta, na uanze kwa kuweka pima maji sakafuni, maana sakafu ikiinama digrii moja tu, richi inadanganya kwa milimita 10 hivi. Ning'iniza timazi katikati ya mdomo wa bomba la kichwa. Pima kutoka ukutani hadi uzi wa timazi, kisha kutoka ukutani hadi katikati ya ekseli ya pedeli, utoe: hiyo ndiyo richi. Pima kimo cha nukta zilezile kutoka sakafuni, utoe: hiyo ndiyo staki. Kijana wangu wa kibandani anaifanya kazi hii huku anaongea na wateja, na tukirudia vipimo tofauti haizidi milimita chache.

Sasa niseme kisa chenyewe. Mteja wangu mmoja, kijana anayeongoza watalii, alikuwa na baiskeli ya zamani ya magurudumu ya inchi 26, stika yake inasema 19. Ilimkaa vizuri miaka yote. Alipopata wateja wanaotaka kupanda Kilimanjaro kwa baiskeli kupitia njia ya Kilema, akaenda kutafuta ya kisasa ya inchi 29 (hiyo ni namba ya gurudumu, wasomaji wasiichanganye na ya fremu). Muuzaji akamwambia chukua 19 kama ile ya mwanzo. Akachukua. Akaja kwangu mabega yamekakamaa, viganja vinawaka, na kiuno hakikunjuki.

Nikazipanga zote mbili ukutani. Ile ya zamani: richi 412, staki 575, zote kwa milimita. Mpya: richi 468, staki 628. Stika ni moja, na tofauti ya richi ni milimita 56. Hapo peke yake si kosa, kwa sababu fremu ndefu za leo zimechorwa zifungwe shingo fupi ya usukani. Ile ya zamani ilikuwa na shingo ya milimita 110, na mpya ilistahili kama 50. Fanya hesabu ya kiti hadi usukani kwa pembe za kiti za fremu hizo, yaani mlalo wa bomba la kiti (la mpya limesimama zaidi, hivyo kiti kimesogea mbele), na utaona mikono inaangukia karibu mahali pamoja, ila gurudumu la mbele limesogezwa mbele zaidi. Lakini mahali fulani njiani shingo fupi ilikuwa imeng'olewa ikafungwa ndefu ya 110. Basi kijana alikuwa amenyooshwa milimita 42 zaidi ya alivyozoea akiwa ameketi, na zaidi ya hapo akisimama. Nilimfungia shingo ya 50 na usukani mpana zaidi. Fremu haikuwa na tatizo lolote. Alikosa kuambiwa.

Naomba mwandishi wenu azingatie pia kwamba richi hailinganishwi peke yake. Hapa hata watu wenye ujuzi huteleza. Bomba la kichwa limelala kuelekea nyuma, kwa hiyo kila unapopandisha usukani kwa kuongeza pete chini ya shingo, unaurudisha nyuma vilevile. Kwa pembe ya digrii 65, kila milimita 10 za kupanda zinarudisha usukani kama milimita 5. Chukua fremu yenye richi 460 na staki 610, uiweke kando ya nyingine yenye richi 450 na staki 635. Ya kwanza inaonekana ndefu. Inyanyulie usukani milimita 25 ulingane na ya pili, na richi yake inabaki 448, fupi kuliko ya pili. Muuzaji akikutajia richi bila staki amekupa nusu ya habari.

Kuna na urefu wa bomba la juu uliopimwa kwa mlalo, ambao wauzaji wengi wanaupenda. Huo nao unachanganya, kwa sababu pembe ya kiti imo ndani yake. Fremu mbili zinaweza kuwa na milimita 600 zote. Moja ina pembe ya kiti digrii 73 na staki 580: richi yake ni 423. Nyingine ina digrii 76.5 na staki 620: richi ni 451. Ukiketi zinafanana. Ukisimama kushuka korongo, ni baiskeli mbili tofauti kabisa.

Mabadiliko haya ya kurefusha fremu hayakuja kwa siku moja. Mtengenezaji wa baiskeli Mmarekani, Gary Fisher, aliyasukuma mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kurefusha bomba la juu na kufupisha shingo. Kampuni ya Mondraker ya Hispania ikaenda mbali zaidi mwanzoni mwa miaka ya 2010. Baada ya hapo wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana kwenye kontena moja unakuta fremu za nyakati tatu tofauti zenye stika inayofanana.

Nizungumzie pembe ya kichwa, yaani mlalo wa bomba la kichwa, kwa sababu huku kwetu ni suala la usalama. Kilema inapanda hadi kambi ya Horombo, mita 3,720, na wapo wanaoendelea hadi kambi ya Kibo. Kilichopanda chote lazima kishuke. Baiskeli ya zamani yenye pembe ya digrii 71 na gurudumu la 26, mahali tairi la mbele linapogusa ardhi pako nyuma ya mstari wa mhimili wa usukani kwa kama milimita 75. Ya kisasa yenye digrii 66 na gurudumu la 29, ni kama 117. Umbali huo ndio unaolirudisha gurudumu kwenye mstari likigonga jiwe. Ukiwa mdogo, usukani unakuwa mwepesi, mtamu kwenye njia ya kupinda polepole na wa kutisha kwenye mteremko mrefu wenye kokoto, mikono ikiwa imeshachoka kwa breki. Sisemi baiskeli ya zamani ni mbaya. Anayeendesha Moshi mjini na barabara za mashamba ya kahawa ataipenda kuliko hiyo ndefu. Lakini lazima ajue anachonunua.

Pembe hii inapimika kwa simu yenye programu ya pima maji. Isawazishe kwanza sakafuni, kisha iegemeze kwenye mabomba ya juu yanayong'aa ya shokapu ya mbele. Usiiegemeze kwenye bomba la kichwa, kwa kuwa mengi siku hizi yamepanuka chini na yanatoa jibu la uongo. Na angalia kama shokapu ni ya asili. Mafundi wenzangu, tusifichane: tunafunga tuliyonayo. Shokapu ndefu kwa milimita 20 kuliko iliyotoka inalaza pembe kwa digrii moja hivi, inainua ekseli ya pedeli, inapunguza richi na kuongeza staki. Vipimo vya mtengenezaji mtandaoni haviielezi tena baiskeli hiyo. Ipimwe upya ilivyo. Vivyo hivyo shokapu iliyopoteza upepo ikabaki imezama: ijaze kwanza ndipo upime.

Ombi langu kwa gazeti ni dogo. Ukurasa wenu wa matangazo una baiskeli kila wiki, na kila tangazo lina rangi, idadi ya gia na inchi. Waambieni watangazaji waongeze namba nne: richi, staki, pembe ya kichwa, na urefu wa shingo ya usukani iliyofungwa. Asiye nazo apime, kazi yenyewe haimalizi hata chai. Anayenunua naye apime kwanza baiskeli anayoiendesha bila maumivu, aandike namba zake kwenye karatasi, aende nazo dukani.

Kibandani nimebandika ukutani jedwali la fremu zote ambazo mimi na kijana wangu tumezipima wenyewe, za 26, 27.5 na 29, kila moja na namba zake hizo nne. Nipo tayari kulinakili na kuwaletea mlichapishe bila malipo.

Fundi baiskeli,
Pasua, Moshi