Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya kuhusu tiba ya hipnosisi kwa manusura wa mashambulizi

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mshauri nasaha jijini Nairobi, na miongoni mwa ninaowahudumia wamo manusura wa shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa. Mmoja wao hawezi kuupa mlango mgongo. Kila aingiapo ofisini kwangu hukigeuza kiti kwanza, ndipo anisalimu. Mwaka jana alikwenda kwa mtu aliyejitangaza kuwa bingwa wa hipnosisi, yaani tiba ya kumwongoza mtu kwa maneno hadi azame katika utulivu mkubwa, akaambiwa kwamba zipo kumbukumbu zilizojificha ambazo lazima zichimbuliwe. Alirudi akisimulia nyuso na sauti asizowahi kuzitaja, na sasa si yeye si mimi tunayeweza kutenga aliyoyaona na aliyoulizwa hadi akayaona. Usingizi wake, tulioupata kwa taabu, umepotea tena.

Siombi tiba hii ipigwe marufuku. Hipnosisi si mazingaombwe, ingawa wengi huichukulia hivyo: mgonjwa huwa macho, husikia, na aweza kukataa. Daktari James Braid wa Uskoti aliipa jina katika miaka ya 1840, na Chama cha Madaktari cha Uingereza kilikiri manufaa yake mwaka 1955. Ikiwa mikononi mwa mtaalamu, humsaidia mtu kutuliza mwili na kupunguza maumivu. Lakini utulivu huohuo humfanya awe mwepesi wa kupokea anayodokezwa, na swali lililobeba jibu lake huweza kuzaa kumbukumbu ya jambo ambalo halikutokea. Isitoshe, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 kuhusu kiwewe unapendekeza tiba nyingine, ikiwemo ile ya mazungumzo inayoshughulikia tukio lenyewe, hipnosisi haimo.

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 tunayo. Naomba itumike kuhakikisha kwamba anayetoa hipnosisi kwa wenye kiwewe amesajiliwa na kufunzwa, kwamba mgonjwa anaelezwa kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi, na kwamba uchimbaji wa kumbukumbu unakatazwa kabisa.

Mteja wangu amekubali kuzungumza na maafisa wako. Ameomba kitu kimoja tu, kiti kinachoutazama mlango.

Wako mtiifu,
Mshauri nasaha, Nairobi