Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wafugaji wa Samaki Aina ya Mwatiko, Mikindani

Ndugu wanachama, assalamu alaykum. Wazee wetu, shikamooni.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tumekusanya vifaranga baharini kila bamvua, maji yanapojaa sana, tumetengeneza mlango wa maji wa bwawa la pili, tumevuna mara mbili, vikao vinne vimefanyika. Sitarudia.

Nataka kusema juu ya lile pipa tunalomeng'enyea mabaki ya samaki yawe chakula cha vifaranga. Maneno yamekuwa mengi, hata limepewa jina, "mchuzi wa mwenyekiti", na wapo wanaodai nimetumia fedha ya chama kuozesha matumbo ya samaki. Pipa, asidi ya fomiki, mashine ya mkono ya kusagia na karatasi za kupimia asidi, jumla shilingi 385,000. Risiti anazo mweka hazina tangu Machi.

Samaki wengi wa baharini huanguliwa tumbo likiwa bado halijakamilika, asidi ya kusaidia kuvunja protini haijaanza kutoka. Ukimpa kifaranga unga wa dagaa anameza, lakini sehemu kubwa inatoka ilivyoingia. Mtoto wa miezi sita hapewi makande. Protini iliyokwisha kumeng'enywa imekatwa vipande vidogo vidogo, utumbo unaifyonza bila taabu. Sisi tunasaga vichwa na matumbo ya sokoni, tunatia kilo 3 za asidi kwa kila kilo 100, tunakoroga asubuhi na jioni. Vimeng'enyo vya matumbo yenyewe, yaani vile vinavyovunja chakula, ndivyo vinavyofanya kazi. Asidi inazuia kuoza. Kwa joto letu hili, siku chache tu nyama imekuwa uji, miba imebaki chini. Harufu yake inachoma pua kama siki. Anayesema ni uvundo hakuwahi kufunua kifuniko.

Mzee wetu mmoja alihoji: mwatiko si anakula utelezi wa bwawa, ule mwani wa chini? Kweli, akishaingia bwawani. Vifaranga vyetu vya sentimita moja na nusu vinaanzia kwenye tangi, na humo utelezi hakuna.

Mei vilikufa, sikatai. Tuliufanya mchuzi kuwa nusu ya chakula. Kumbe ukizidi utumbo unalemewa, na unaoyeyuka unachafua maji. Alfajiri nilikuta povu limetanda na vifaranga viko juu vinatweta. Lile lilikuwa kosa la kipimo, na kipimo kilipitishwa na kamati nzima, si mimi peke yangu. Sasa mchuzi hauzidi sehemu moja kati ya kumi ya protini yote, tunauchanganya na pumba na unga wa dagaa, tunaanika. Tangi la Septemba limetoa vifaranga hai wengi kuliko mwaka jana, na aliyekuwa akiamka usiku kuvitazama ni huyu huyu anayelaumiwa.

Ada. Wanachama ni 42, waliolipa 17, zimeingia shilingi 408,000, deni ni 600,000. Kikao cha Agosti walikuja 11, na wawili naamini walifuata chai. Wanaolipinga pipa kwa sauti kubwa hakuwepo hata mmoja. Uamuzi wanaujadili barazani, jioni, kwenye bao.

Mwaka ujao, tukijaliwa, tunatarajia kupanua, kumpata mtaalamu wa kututembelea, na pengine siku moja kutotolesha vifaranga wenyewe. Wadaiwa wamuone mweka hazina kabla ya bamvua ijayo.

Mwenyekiti