Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Uendeshaji wa Mitambo ya Majitaka kwa Mgeni Rasmi, Kigoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji,
Walimu wetu, waajiri wetu, wazazi na walezi,
Mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuungana nasi leo. Tunalitaja hili kwa sababu majitaka hayana wageni. Kwenye mahafali ya ushonaji watu hugombania kupiga picha na magauni. Hapa kwetu, tangu asubuhi, hakuna aliyeomba kupigwa picha na ndoo ya tope.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi wahitimu tunatoka sehemu mbalimbali: hospitali, shule za bweni, hoteli za kando ya ziwa, na viwanda vidogo vya kukamua mawese na kutengeneza sabuni. Kazi yetu ni moja. Maji yakishatumika na kuchafuka, sisi ndio tunaohakikisha hayarudi ziwani yakiwa vilevile. Kanuni za viwango vya maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinataka BOD ya maji yanayotoka isizidi miligramu 30 kwa lita, na COD, yaani oksijeni inayohitajika kuuchoma uchafu wote kwa kemikali, isizidi 60. BOD ni kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hutumia kumeng'enya uchafu uliomo. Maana yake, ukimwaga uchafu ziwani umeenda kumnyang'anya samaki pumzi yake.

Na ziwa letu si la kufanyia mzaha. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina, na mto unaoyatoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji hukaa humo mamia ya miaka. Huko chini kabisa hakuna oksijeni, kwa hiyo dagaa na migebuka wote wanategemea tabaka la juu, hilohilo ambalo mitaro yetu inamwagia.

Tuseme ombi letu mapema, ili lisije likakushangaza mwishoni: hatuombi dawa. Karibu kila mtambo tuliotembelea wakati wa mafunzo una stoo yenye shabu ya kugandishia uchafu, chokaa na klorini, mifuko mingine imeshaganda kwa unyevu. Kisichokuwepo ni kipimo. Mtambo ukianza kunuka, mfuko unafunguliwa na kumwagwa. Ukiendelea kunuka, unafunguliwa wa pili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mezani mbele yako kuna silinda mbili za kioo, kila moja ya lita moja. Yaliyomo yamechotwa leo kwenye mitambo miwili ya tope hai, ile inayopuliziwa hewa ili bakteria wale uchafu, mbinu iliyogunduliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1914. Tulizitikisa, tukaziacha zitulie kwa nusu saa. Katika zote mbili tope limeshuka likaishia kwenye alama ya mililita 600. Mtu yeyote akizitazama atasema ugonjwa ni mmoja na dawa ni moja.

Sivyo. Tulikausha tope la kila silinda tukalipima uzito. Ya kushoto ina gramu 5 kwa lita, ya kulia ina gramu 3. Ukigawa 600 kwa 5 unapata 120. Ukigawa 600 kwa 3 unapata 200. Tope likiwa chini ya 150 kwa hesabu hii linashuka vizuri. Basi mtambo wa kushoto ni mzima, ila umelimbikiza tope jingi mno, na kinachotakiwa ni kupunguza kila siku kidogo kidogo. Wa kulia ndio mgonjwa. Tope lake ni jepesi na limevimba, na ukiliweka chini ya hadubini unaona bakteria warefu kama nyuzi wametapakaa, wanazuia mabonge yasishikane. Hao hupenda mahali penye upungufu wa oksijeni, yaani chini ya miligramu 2 kwa lita kwenye bwawa la hewa, au penye upungufu wa naitrojeni na fosforasi. Bakteria wanahitaji chakula chenye uwiano: kwa kila 100 za BOD, 5 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Fundi akikimbilia kutoa tope kwenye mtambo wa kulia kwa sababu tu limejaa silinda, atabaki na bakteria wachache, na nyuzi zitaendelea kuota kwa sababu kilichozileta bado kipo.

Kuna tatizo la tatu linalofanana na hayo na linawadanganya wengi. Tope linatua vizuri kabisa, maji juu meupe, kisha baada ya saa moja au mbili linanyanyuka lote likaelea. Hilo halijavimba. Bakteria wamebadilisha amonia kuwa naitreti, halafu tope lililolala muda mrefu chini ya tangi la kutulizia likakosa oksijeni, likaigeuza ile naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, na mapovu yakalibeba. Likoroge kwa kijiti: gesi ikitoka, linazama tena. Dawa yake ni kulirudisha tope kwenye bwawa la hewa haraka zaidi. Haigharimu shilingi.

Povu nalo lina lugha yake. Jeupe, jepesi, mara nyingi ni la mtambo mpya au sabuni nyingi ya kufulia. La kahawia, zito, lenye mafuta, ni tope lililozeeka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Kigoma ni mkoa wa michikichi, kwa hiyo tunaomba ruhusa yako tukae kidogo kwenye mawese. Maji yanayotoka kwenye ukamuaji ni ya moto, yana mafuta, pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambapo 7 ni katikati, ni 4 hadi 5, na BOD yake huweza kufika miligramu 25,000 kwa lita. Linganisha na ile 30 ya kanuni. Maji mazito namna hii huanzia kwenye mtambo wa gesi usio na hewa, ambamo yanafanya kazi makundi mawili ya vijidudu. La kwanza linavunja uchafu kuwa asidi, na lina kasi. La pili linakula hiyo asidi na kutoa methani, na ni la polepole, tena linataka pH iwe karibu na 7. Msimu wa chikichi ukipamba moto, mwenye kiwanda analisha mtambo mara mbili ya kawaida. Kundi la kwanza linafurahi, la pili linazidiwa, asidi inarundikana.

Dalili ya kwanza ambayo mama wa jikoni anayepikia gesi hiyo anaiona ni moto kukataa. Gesi ipo, lakini imejaa kaboni dayoksaidi. Kiwanda kimoja tulichotembelea, jina tunalihifadhi, walidhani gesi imepungua kwa njaa, wakaongeza malisho. Ilipozidi kuharibika wakamwaga chokaa mfuko mzima kwa mkupuo. Njia sahihi ni kusimamisha malisho kwanza, kuongeza chokaa kidogo kidogo huku pH ikipimwa, kuingiza tope kutoka mtambo mzima au samadi mbichi ya ng'ombe, kisha kurudi kulisha taratibu. Na tusisubiri pH ishuke. Hiyo huonekana maji yakiwa yameshamwagika. Kinachotangulia ni asidi kupanda ikilinganishwa na uwezo wa maji kuihimili. Uwiano ukipita 0.4 punguza malisho siku hiyohiyo.

Kwa wenzetu wa sabuni, tatizo ni upande wa pili. Maji yao ya kuoshea yana pH ya juu, mara nyingine 10 au zaidi. Hapo shabu haigandishi kitu, inayeyuka tu na hela yake. Shusha pH iwe kati ya 6 na 7, ndipo uijaribu kwenye chupa sita za jemu zenye maji yaleyale: miligramu 20 kwa lita, 40, 60, mpaka 120. Koroga kwa nguvu dakika moja, polepole dakika kumi na tano, acha nusu saa. Utaona chupa zinang'aa mpaka kipimo fulani, kisha zinazofuata zinarudi kuwa na ukungu. Shabu ikizidi, chembe za uchafu hubadili chaji na kuanza tena kusukumana. Kwa hiyo anayemwaga nyingi ili kuwa na uhakika anajiharibia mwenyewe. Na asidi ya kushushia pH isikae stoo moja na klorini: vikikutana hutoa gesi inayoua.

Kuhusu shule na hosteli hatutasema mengi. Siku ya usafi wa jumla, dawa ya kuua vijidudu ikimiminwa chooni kwa ndoo, inaua pia waliomo kwenye tangi la septiki. Tope na ukoko wa juu vikifika theluthi moja ya tangi, liitwe gari la kunyonya. Zile pakiti za unga wa bakteria zinazouzwa madukani hazichukui nafasi ya gari hilo, hata muuzaji akiapa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa maombi.

La kwanza ni usalama, na hili halisubiri bajeti ijayo. Ndani ya chemba kuna gesi ya haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo inanuka kama yai viza. Ikiwa nyingi inaua uwezo wa pua kunusa, ndipo mtu anadhani hewa imesafika, anashuka. Anayemfuata kumwokoa naye hurudi amebebwa. Tunaomba kipima gesi, mkanda na kamba, na agizo kwamba hakuna kibarua atakayeshushwa chemba bila hivyo, awe na mkataba au asiwe nao.

La pili, maabara ndogo moja ya pamoja hapa mjini: kipima pH, kipima oksijeni, hadubini, mizani na oveni ya kukaushia tope. Sisi tupo mwisho wa reli. Sampuli ya BOD ikisafirishwa mbali inafika imeshajila yenyewe njiani.

La tatu ni kwa waajiri wetu waliopo hapa. Mtupe nusu saa kila asubuhi ya kupima na kuandika kwenye daftari, saa ileile kila siku, maana bwawa lenye mwani lina pH na oksijeni tofauti asubuhi na alasiri. Mvua za masika zikiingia mitaroni na kusomba tope, au umeme ukikatika usiku kucha, daftari ndilo litakalotuambia mtambo ulikuwaje kabla.

Na la mwisho, Manispaa itutengee eneo halali la kukaushia tope. Kwa sasa likishatolewa kwenye mtambo, wengi wetu hatuna pa kulipeleka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.